Betri Zilizoanikwa Juani

Jumatatu, 3 Agosti

Nimezitoa betri kwenye chaja baada ya adhuhuri. Vuguvugu, si moto. Sawa. Nimezifunga uzi jozi kwa jozi: jozi moja uzi mwekundu, ya pili uzi mweupe. Betri zilizochajiwa pamoja hutumika pamoja na hupumzika pamoja. Watu wanachanganya betri nzima na betri chovu, kisha wanailaumu kamera.

Jozi ya uzi mweupe imezeeka. Picha chache tu na taa nyekundu inawaka. Nahitaji nyingine kabla ya harusi ya Idi.

Umeme umekatika tena jioni.

Jumatano, 5 Agosti

Kahindo, mpangaji wangu wa chumba cha uani, amekuja na maharage yaliyochambuliwa vizuri. Nikajua ana haja. Huyu mama ni Mkongo wa Butembo, Mkatoliki, mjane. Anauza maharage sokoni Mpondwe. Alivuka mpaka na binti yake Masika, na hajarudi kwao tangu alipokimbia. Masika sasa amesilimu, kwa hiari yake, mimi mwenyewe ni shahidi, na anaolewa na Idi, kijana wa familia ya wenye malori hapa Bwera.

Tatizo ni bibi wa Masika, mama yake Kahindo, mukaka kama wanavyomwita. Yuko Butembo. Miguu haimbebi. Kuna mtu amempelekea maneno kwamba mjukuu wake ameshikwa kwa nguvu na kutiwa katika ndoa. Bibi amejibu kwamba hatatoa baraka mpaka auone uso wa Masika siku yenyewe ya harusi. Kahindo alinisimulia maneno yake hivi: "Sura haijue kudanganya. Kama mutoto iko analia mu roho, nitaona."

Masika halali vizuri. Amesema wazi kwamba ataolewa, lakini bila baraka ya aliyemlea atakuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga.

Kazi ni yangu, hakuna mwingine. Katika chumba cha wanawake bibi harusi huvuliwa shela, na mwanamume hakanyagi humo. Simu zote hukusanywa mlangoni ndani ya kikapu, zisije zikasambaza nyuso za watu mjini. Kamera inayoingia ni yangu peke yake, kwa sababu wanajua kwamba picha zangu huwafikia wenyewe tu. Tangu nilipoacha kufundisha, hii ndiyo heshima niliyo nayo hapa, na naitunza.

Swaleh, kaka yake Idi, anapeleka lori Butembo siku mbili baada ya harusi. Atambebea bibi picha.

Nimekubali. Maharage nimeyapokea.

Ijumaa, 7 Agosti

Kasese. Nimesali Ijumaa huko, kisha madukani.

Muuzaji wa kwanza ni kijana mwenye maneno. Betri zake zimeandikwa namba kubwa ya uwezo, kubwa mno. "Hajati, hii ni namba moja! Utapiga picha mpaka wageni wachoke kucheka." Nikaipima kiganjani. Nyepesi kama ganda la yai. Betri nzuri ya kuchaji ina uzito. Ndani yake kuna kitu. Nikamrudishia. Akanisindikiza hadi mlangoni akisema wazee wa Bwera hununua betri kama wanaonunua kuku, kwa kumpima mkononi. Nikamwambia kwamba kuku nao huchaguliwa hivyo kwa sababu nzuri.

Duka la pili. Namba ndogo zaidi, betri nzito, chapa imesomeka vizuri. Nimenunua jozi moja. Nimeifunga uzi wa kijani.

Nimelala kwa binti yangu, mtaa wa Nyamwamba.

Jumapili, 9 Agosti

Nimeijaribu jozi mpya. Nzuri. Nimezima skrini na kutazama kwa kile kitundu cha juu. Skrini ndiyo inayokula moto wa betri bila mtu kujua. Kusogeza lenzi mbele na nyuma nako kunakula. Taa ya kumulika inakula kuliko vyote. Chumba cha wanawake kina giza kwa sababu ya mapazia, kwa hiyo taa siwezi kuiacha. Basi vingine vyote vitafungwa.

Nimefuta ncha za betri kwa kitambaa kikavu. Nimeziweka mbali na funguo na vyuma.

Kahindo alikaa kando akinitazama kama mtu anayetazama dawa ikichanganywa. Akauliza kama betri hizi ni sawa na za redio. Nikamjibu sizo. Sikuongeza neno, nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 13 Agosti

Umeme unakuja na kuondoka. Jua kali. Masika amepita kujaribu shela. Amekonda. Nimemlisha.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku mbaya.

Asubuhi niliweka jozi zote kwenye chaja, nikaenda kwa kina Idi kupanga chumba. Kahindo ana ufunguo wangu, kwa kuwa yeye huniletea maji. Umeme ulikatika nikiwa huko. Aliingia, akaona taa ya chaja imezimika, akaamua kwamba betri zimekufa. Akazitoa. Akazitia zote katika sufuria kavu, akapandisha sufuria juu ya mabati ya jiko la nje, akaenda kanisani. Kwao leo ni sikukuu ya Bikira Maria, na misa ni ndefu.

Nimerudi alasiri. Betri zimelundikana kama karanga za kukaanga, ncha kwa ncha, chuma kwa chuma, nyuzi zangu zimefunguliwa na kukunjwa vizuri kando. Sufuria haishikiki kwa moto. Jozi nyeupe imetoka ungaunga mweupe. Nyekundu nimeitia kwenye kamera, kimya. Kijani imeitoa lenzi nusu, ikairudisha, ikazima.

Kila nyumba hapa huanika betri za redio. Mimi mwenyewe huzianika. Zikila jua husema tena, redio ikamaliza taarifa ya habari. Lakini hizi si za redio. Joto linaziua, na kugusana ndani ya chuma kunazimaliza.

Kahindo amekuja na furaha yake, kitenge cha misa bado mwilini. "Hajati, umezikuta? Ile taa ya mashini ilizima, nikasema batteries imekufa. Njo nikaianika, sawa ile ya radio. Nilitaka siku ya mutoto ikuwe muzuri."

Sikumpa nafasi. Nilimwambia kwamba mtu asiyekijua kitu hakigusi. Nikamwambia pia kwamba kama mama yake atakufa bila kuuona uso wa Masika, atajua ni mkono wa nani. Alitazama sufuria. Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango pole pole, kama mlango ni wa mtu mwingine.

Nimezipeleka betri kwa mwenye paneli ya jua karibu na soko. Chaja yangu imezikataa, taa inapepesa tu. Nimempigia binti yangu huko Nyamwamba: duka lile limefungwa hadi Jumatatu. Hapa Bwera kuna betri za redio tu. Nimenunua zilizokuwapo. Nimekuwa nikiwakataza watu kuzitia kwenye kamera. Zinatoa picha mbili tatu, kisha basi.

Nina hasira. Juu ya betri nina haki. Juu ya maneno yale ya mwisho sina.

Jumapili, 16 Agosti

Imekwisha. Naandika mikono ikinuka udi.

Kabla ya kutoka niligonga mlango wa Kahindo nikamwomba radhi. Akasema, "Ni neno ndogo, Hajati." Si neno dogo. Tuliondoka pamoja. Betri za redio nilizifunga katika upindo wa kanga, karibu na mwili. Betri dhaifu ikipata joto la mwili hujikaza kidogo. Joto la mwili, si la mabati.

Chumba kilijaa. Shangazi yake Idi alikuwa mlangoni na kikapu cha simu. Masika aliketi kwenye mkeka mpya, hina hadi kwenye viwiko, uso umekaza kama wa mtu anayesubiri sindano. Uso ule usingefaa. Bibi angeusoma anavyotaka.

Nikapiga moja ya kujaribu. Kamera ikamulika, ikapiga, taa nyekundu. Nikabadilisha betri. Tena moja. Nyekundu. Wanawake wakaanza kunishauri. Zitikise. Zing'ate kidogo. Nikawaambia hakuna anayeng'ata kitu.

Nikaacha kupiga. Nikakaa na kamera imezimwa mapajani, jozi iliyobaki ndani ya kiganja. Mama mkwe akataka picha na sinia la zawadi. Nikakataa. Dada zake Idi wakajipanga. Nikakataa. Wakanung'unika, na wana haki. Kwa harusi nyingine zote nimewapiga mpaka wachoke. Nilisubiri uso.

Kahindo alikuwa ameketi pembeni mwa binti yake. Kila nilipoinua kamera aliinuka na kujibanza ukutani. Nilimwashiria abaki. Akatikisa kichwa. "Hapana miye, Hajati. Usikule moto juu yangu. Piga mutoto." Nami nikamwacha ajitoe. Niliona ni busara. Jozi ilikuwa moja na uso mmoja.

Shangazi akachoka kunitazama. Akasema kwa sauti ya chumba kizima: "Hajati, hiyo kamera yako imefunga? Mwambie Ramadhani ilikwisha, ifuturu!"

Chumba kikaangua kicheko. Masika naye. Alicheka kichwa kikienda nyuma, mkono wa hina mdomoni, kisha mkono ukashuka na kicheko kikabaki wazi. Nikawasha. Lenzi ikatoka. Nikapiga. Nikapiga tena. Ya tatu haikukubali, na kamera ikafa na lenzi yake nje kama ulimi wa mbuzi.

Nimerudi nyumbani na picha mbili za mwanamwali anayecheka. Sijui kama zimetoka. Skrini haiwaki.

Jumatatu, 17 Agosti

Kasese, asubuhi na mapema. Betri mpya. Picha zimesafishwa.

Ya kwanza imetikisika. Ya pili ni nzuri. Meno yote, machozi ya kicheko, hina, ukuta wa waridi nyuma. Kando kabisa kuna pindo la kitenge cha Kahindo likitoka nje ya picha.

Nimesafisha nakala kubwa. Masika ameitazama, akainamisha kichwa begani kwangu. Hajawahi kufanya hivyo.

Jumanne, 18 Agosti

Swaleh ameondoka na lori baada ya alfajiri. Picha iko ndani ya bahasha ngumu, chini ya msala wake. Nimemwambia asiikunje. Ameniambia, "Hajati, mayai nimebeba mpaka Butembo, hayakuvunjika." Nimemwambia picha si yai.

Ijumaa, 21 Agosti

Hakuna habari. Barabara ya Beni wanasema ilifungwa kwa muda, kisha wanasema ilifunguliwa. Kila anayetoka sokoni ana barabara yake.

Kahindo hajafungua gunia tangu Jumanne. Anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Nimekaa naye. Tumechambua mchele wangu.

Jumatatu, 24 Agosti

Swaleh amerudi. Mzima, vumbi tupu. Hakuingia kwao kwanza. Alikuja hapa, akasimama uani, akatuita sote wawili.

Bibi aliipokea picha alipoketi, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Aliishika muda mrefu. Kisha akacheka yeye mwenyewe. Swaleh anasema aliyasikia kwa masikio yake: "Mutu wa kushikwa kwa nguvu hacheke na meno yote." Akaomba maji, akayanyunyiza chini, akasema maneno ya kwao, na baraka ikatoka. Baraka kamili, kwa Masika na kwa watoto wake wasiozaliwa bado.

Kahindo alipiga magoti chini pale pale. Nikadhani habari imekwisha.

Swaleh akavua kofia. Akasema bibi aliigeuza picha, akatazama nyuma, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Akauliza, "Na wangu iko wapi?" Swaleh akamwonyesha Masika: mama, si huyu hapa? Bibi akasema, "Huyu ni wa Kahindo. Wangu ni Kahindo. Siku zote hizi naomba sura yake moja tu, na mumeniletea kitambaa chake."

Mimi nilimwacha ajibanze ukutani. Niliona ni busara.

Jumatano, 26 Agosti

Swaleh anapakia kesho.

Nimempiga Kahindo picha asubuhi, uani, kwenye kivuli cha ukuta. Mwanga ulitosha. Alivaa kitenge kilekile cha harusi. Sikuzima skrini. Baada ya kila picha nilimpa kamera aitazame mwenyewe, achukue muda wake. Betri ilishuka, nikatia nyingine.

Ya kwanza aliikataa. Shingo imeonekana nyembamba. "Mukaka atasema sikule."

Akarekebisha kitenge kikafunika shingo. Nikarudia.