Wageni Wawili Aliowakataa Mdogo Wako

Karakana ya Ushonaji,
Mtaa wa nyuma ya Posta,
Jumanne, 18 Novemba.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mkeo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na daktari amekuruhusu kurudi kazini. Sisi huku hatujambo. Mama alitolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita, na sasa anasoma maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa bila miwani na kutukosoa sote. Pacha wamenipita kimo. Mimi niko na cherehani yangu kama kawaida, ila mguu wa kulia umeanza kulalamika.

Shemeji, nakuandikia kuhusu ule ujumbe wa sauti uliomtumia mdogo wako, mke wangu, ukisema amemdhalilisha Jenerali Mstaafu ili ajipendekeze kwa wakubwa. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Aliusikiliza mara mbili, akaiweka simu kifudifudi, akaendelea na pasi. Nilimwomba ruhusa nikujibu mimi. Akasema, "Mwandikie, lakini usitie chumvi." Basi nitajaribu.

Unajua kazi yake pale chuo cha maofisa wa jeshi: ndiye msimamizi wa masomo. Kila mwaka, wiki moja kabla makadeti hawajapewa kamisheni, mgeni mmoja huja kuzungumza nao kuhusu maisha ya ofisa. Yeye na kamati yake ndio wanaomchagua. Miaka mitano iliyopita aliandika kanuni ya ukurasa mmoja, Mkuu wa Chuo akaipitisha: anayegombea kiti, mwenye cheo katika chama, au anayempigia mtu kampeni hapandi jukwaa lile. Awe wa chama chochote.

Mwezi wa tatu alimwalika Jenerali Mstaafu, tena kwa furaha. Unajua alivyo kwetu. Ndiye aliyemfundisha akiwa kadeti, na ndiye aliyetufungulia dansi siku ya harusi. Mwezi wa nane tukamwona kwenye televisheni ana skafu ya upinzani shingoni, amechukua fomu ya ubunge. Hakuvunja sheria yoyote, ni haki yake. Lakini mdogo wako alizima televisheni, na sahani yake ikarudi jikoni kama ilivyokuja.

Angeweza kumtumia barua, mambo yakaisha. Hakutaka. "Mtu kama yule humwambii kwa bahasha," aliniambia. Nikampeleka kwa gari siku ya pili yake. Tulimkuta Jenerali barazani, anapunguza maua yake kwa mkasi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuuweka mkasi chini.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kushika bunduki," alisema.

"Ndiyo, afande. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba askari hapaswi kujua kamanda wake anampigia nani kura."

Jenerali akageukia maua yake. Hakutusindikiza hata getini. Njia nzima mdogo wako alitazama dirishani, na mimi nilijifanya nimeshughulishwa na gia. Hilo ndilo unaloliita kujipendekeza, Shemeji.

Sasa sikiliza upande ambao hakuna aliyekusimulia. Haikupita wiki, simu ikatoka wizarani. Walimpongeza kwa msimamo wake, wakasema kwa kuwa nafasi ya mgeni iko wazi, atakuja naibu katibu wa chama tawala, ratiba ichapwe. Mdogo wako aliwajibu kwa maandishi, akaambatisha ile kanuni ya ukurasa mmoja, ileile aliyomsomea Jenerali.

Akaitwa makao makuu. Alikwenda akiwa amenyooka kama rula, mimi nikabaki karakana nikishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Ofisa mmoja mkubwa alimkaribisha chai, akamwambia kwa upole kwamba jina lake liko kwenye orodha ya kupandishwa kuwa kanali, na kwamba ni vizuri mtu asijitie doa dakika za mwisho.

Maneno aliyomjibu aliniambia jioni, akiwa anavua viatu: "Nilimwambia, niliyemkataa juzi ni mwalimu wangu. Nikimpokea huyu leo, basi nitakuwa nilimkataa mwalimu wangu kwa sababu ya rangi ya skafu yake."

Sitajificha nyuma ya uzi, Shemeji. Mimi nilitetereka. Mteja mmoja alikuja kuchukua vitambaa vyake vya fulana za kampeni, akidai nyumba yetu ni ya wapinzani. Mwingine, mpinzani hasa, akapita mlangoni bila salamu, kwa sababu nyumba yetu ni ya serikali. Nikamwambia mke wangu, "Mkubalie tu huyo naibu katibu. Ni saa moja, vijana wenyewe watasinzia."

Hakunikasirikia. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema, "Makadeti wangu ni mia mbili na kumi. Kila mmoja ametoka kwao na chama cha baba yake. Wakifika getini wanakiacha, na wanakiacha kwa kuwa wanaamini na sisi tumeacha cha kwetu. Mwezi wa kumi na moja watatumwa kusindikiza masanduku ya kura. Unataka nani awe amewahutubia?"

Nilirudi kwenye cherehani.

Mkuu wa Chuo naye nimpe haki yake. Angeweza kula kona, kwa sababu barua ile ya kuijibu wizara haikuwa na jina lake. Aliomba nakala, akatia sahihi yake chini ya sahihi ya mdogo wako.

Mgeni aliyepatikana ni mwanamke mmoja, kapteni muuguzi aliyestaafu, ambaye hakuna gazeti linalomjua. Ametumikia jeshi chini ya serikali tatu za vyama tofauti. Koti lake la heshima lilikuwa halifungiki tena, na mimi ndiye niliyelipanua kwapani. Kwa hiyo nami nimo katika historia hii, japo kwa sentimita nne.

Siku yenyewe niliketi na wenzi wa maofisa. Kapteni yule aliwasimulia makadeti habari za mafuriko fulani, jinsi alivyopewa mashua moja na shehena ya dawa kwa kambi mbili za waathirika, moja kila upande wa mto. Asubuhi alikuta kila boksi limebandikwa picha ya mgombea. Aliwaweka askari wake chini, wakabandua picha zote kwa maji ya moto na visu vya mezani, ndipo mashua ikaondoka.

Kadeti mmoja msichana akasimama. "Afande, huko si kukaidi amri?"

"Amri yangu ilikuwa kufikisha dawa," akajibu. "Dawa ilifika. Picha ndiyo haikufika."

Ukumbi ulicheka, kisha wote wakainamia daftari zao kuandika.

Tulipotoka nje nikamwona Jenerali. Maofisa wastaafu wote hualikwa kusikiliza, na alikuwa amekuja bila skafu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mdogo wako, na mimi nilikuwa pale pale, nimesikia kwa masikio yangu.

"Hotuba yangu nilikuwa nimeshaiandika," alimwambia. "Juzi nimeisoma tena. Ukurasa wa nne nawaomba kura. Nilipoiandika sikuliona hilo."

Mdogo wako alimpigia saluti, mkono wake ukachelewa kushuka. Jenerali akairudisha. Ndipo nilipomwona mdogo wako akilia kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze.

Orodha ya makanali ilitoka Ijumaa. Jina lake halimo. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaomba karatasi za mitihani alizokuwa anasahihisha. Nilimuuliza kama anajuta. Alisema anajuta kumpa Jenerali habari ile kabla hajamwacha auweke mkasi wake chini. Hilo tu.

Uchaguzi umepita Jumapili, kwa amani. Tulipanga foleni moja, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Tukirudi nilimuuliza, kwa utani tu, amempigia nani. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Shemeji, na kitanda kimoja. Alinishika mkono, akasema, "Tembea, tutachelewa chakula." Mpaka leo sijui, na nimetembea mtaa mzima kifua mbele.

Mtumie ujumbe mwingine, tafadhali. Hata mfupi.

Mama anakusalimu na kukuombea. Pacha wanauliza utakuja lini. Msalimie mkeo na mkwe wenu fundi umeme. Mungu aulainishe mgongo wako na aiangalie nyumba yako.

Wako akupendaye siku zote,
Shemeji yako, Fundi.