Kahawa Ikiwa Bado Moto

Ajloun, zeituni zimekwisha kuchumwa

Kaka yangu mpenzi Ghaith,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Lubna na watoto, hapo Detroit mlipo na baridi yenu. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba anakula vizuri na anagombana vizuri. Ile fimbo uliyomtumia anaitumia zaidi kuwaonyesha watu makosa yao kuliko kutembelea.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya wote. Ukipiga tu, Baba anaikamata, Shangazi Wasfia anaingiza kichwa, na nina jambo nisilotaka walisikie. Barua atakuletea mtoto wa Umm Jihad, pamoja na zaatari, yale majani makavu ya kulia mkate, na mafuta ya zeituni ya mwaka huu. Yametoka makali kidogo, lakini mazuri.

Siku ile ulipopiga ukalia, ulisema kosa ni lako, kwamba ulichelewa kutuma vyeti vya hospitali, ndiyo maana Baba akapoteza ukaazi wake wa Marekani na ombi langu likafa pamoja nao. Ulisema umemfungia mdogo wako mlango. Maneno hayo yaliniuma sana, na nitakwambia kwa nini. Ila niache kwanza nikupe habari.

Unajua nilivyoishi tangu Baba aniombee ukaazi wa huko. Mwenye kadi ya ukaazi humwombea binti asiyeolewa tu. Nikiolewa, faili limekufa. Basi nikakaa. Mutaz naye akakaa akinisubiri, akitibu mbuzi wa Ajloun nzima huku mama yake akimchagulia wasichana kwenye kila harusi. Walipokuja kuniposa mara ya kwanza wewe hukuwepo, hukuiona aibu ile. Mjomba wake, Abu Qutaiba, alipewa kahawa akaiweka chini bila kuigusa, kama inavyofanywa mpaka ombi likubaliwe. Baba akasema binti amefungwa na Marekani, hana la kufanya. Kahawa ikapoa pale pale, na wanaume wote waliokuja naye wakanyanyuka wakaenda zao na midomo mikavu. Kwa muda mrefu Baba hakuweza kunitazama usoni. Shangazi akaanza kuniita bibi harusi wa ubalozi, na jina likanata.

Halafu Baba akaja tena kutoka huko kwako kuchuma zeituni, akaanguka kwenye ngazi, akavunjika mguu, mwaka ukapita akiwa huku. Yaliyofuata unayajua: kadi haikubali mtu akae nje kiasi hicho, labda awe na sababu iliyomshinda.

Sasa sikia. Alhamisi iliyopita akina Mutaz walirudi. Abu Qutaiba alikuwa ameandaa hotuba ndefu, yenye mashairi na mababu zake wote. Kikombe hakijatua sawasawa, Baba akamkata: “Kunywa, Abu Qutaiba, kahawa ya moto hiyo.”

“We bwana, mbona hata sijaomba!”

“Uombe nini? Nani hapa hajui ulichofuata? Kunywa!”

Ukumbi mzima ukacheka. Mutaz alikunywa kwa haraka akaungua ulimi. Shangazi akapiga vigelegele jikoni kabla hata Fatiha haijasomwa, wakamkaripia, akavipiga tena. Kaka, nilifurahi mpaka nikaona haya. Mkataba umeshaandikwa. Mimi sasa ni mke wa mtu, na sherehe tumeisogeza mpaka kiangazi ili mje.

Ninalotaka kukwambia ni hili. Vyeti vyako vilifika mapema. Nilivishika mwenyewe, maana nilisimama na Baba pale dirishani ubalozini kwa ajili ya mguu wake. Afisa, kijana mpole tu, alivisoma vyote, akasema kwa Kiarabu kizuri kwamba kilichobaki ni Baba athibitishe kuwa ni mguu ndio uliomzuia kurudi. Ilikuwa aseme ndiyo, basi. Baba akanitazama mimi. Kisha akamwambia mguu ulipona kabla ya Ramadhani. Amebaki kwa sababu hapa ndipo kwake, na ana binti wa kuoza. Kijana wa watu akamuuliza tena kama anaelewa anachokipoteza. Baba akasema anaelewa, na kwamba amechelewa kukipoteza.

Kwenye gari aliniapisha nisikwambie. Ulihangaika miaka kumpeleka huko, na anaogopa utadhani ameudharau wema wako. Alilia, Ghaith. Nimevunja kiapo na kafara yake nitailipa, kwa sababu siwezi kuwa na furaha hii wakati wewe unajipiga kwa kosa ambalo hukulifanya. Mwambie wakili wako apumzike. Chumba ulichonipakia rangi mpe binti yako Sidra, ameshakua. Nitakukosa, hilo sikufichi, na najua ulitaka tuwe nawe.

Ukipiga simu, usimwonyeshe kuwa unajua. Atautukana ubalozi kama kawaida yake, nawe muunge mkono. Anafanya hivyo ili usimwone yeye, na wewe sasa unamwona.

Nibusie watoto wote. Shangazi anawasalimu, na Mutaz pia, ingawa bado anasema kwa kitembe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rudaina