Majani Yatapumzika Lini

Mjukuu wangu Neema,

Kengele ya dume letu la ng'ombe ikififia porini siku baba alipolipeleka mbali, sauti hiyo sijaisahau. Sisi hatujambo, mama yako anavuna uwele.

Umeuliza kama malisho yetu yameisha kwa ukame tu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Issuna, baba alianza kupeleka ng'ombe wetu kwa jamaa wa mbali. Nilikuwa nimetoka shule, tulikofundishwa kuwa mali ni ya wote, nikamshuku.

"Baba, unakificha kijiji mali?"

"Nyamaza, mwalimu wee! Wote wakilishwa hapa, majani yatapumzika lini?"

Mvua ilipochelewa, kijijini palibaki vumbi. Kwa jamaa majani yalikuwepo. Huenda alificha pia, sijui.

Siku hizi mvua haiaminiki, ila nazishuku zaidi kwato za ng'ombe wetu wengi. Wajomba zako wamenuna, lakini nusu ya kundi nimeshaipeleka kwa shemeji huko Kinampanda.

Bibi yako