Leso Iliyorushwa Angani

Mjukuu wangu, mume wangu Kazungu,

Huku Magongo sote wazima, na mbuzi wa mamako amezaa pacha. Katika barua yako waniuliza mbona uliogopa kwenye ile filamu ya anga za mbali, ilhali filamu za watoto huisha kwa kheri.

Nilipokuwa msichana tulionyeshwa moja kama hiyo, mchana, katika ukumbi wa kanisa. Mtoto alichomoka chomboni akaelea gizani, akimwita mamake. Mamangu akafungua leso yake kiunoni, akairusha: "Shika, mwanangu!" Ikagonga pazia la filamu, ikaanguka. Watoto tulicheka hadi machozi. Nikageuka nyuma: kina mama wote wamesimama, leso mikononi.

Na filamu ile walikuwa wameshaiona jana yake, hadi mwisho wake wa kheri.

Ni mimi mkeo,
Nyanya Kadzo