Vidonge vya Kumnenepesha Mwali

Dada Zuhura,

Bi Kidawa, kungwi wetu, ametoka kwetu bila viatu. Nilitaka ulisikie hilo kwanza.

Unakumbuka ulipowekwa ndani kungoja harusi, akaleta vidonge vya njano kutoka duka jipya la dawa kule Ubungo. Alisema siku hizi uji wa maziwa peke yake hautoshi, na mwali mwembamba anaiaibisha nyumba. Baada ya wiki kadhaa uso ukawa mviringo, fundi akalipanua gauni lako mara mbili, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niliyekuwa nakusinga liwa niliona miguu imebaki fito. Ukasema, "Mafuta yamekosea njia." Nami nikacheka. Nilicheka, dada.

Kisha ukajikata kidole cha mguu ukipunguza kucha. Kidonda kidogo, hata homa hukuwa nayo. Siku ya nne hukututambua.

Nesi wa wodini aliviangalia vidonge, akanieleza taratibu. Mafuta ya mwili si gunia la akiba tu. Askari wanaopigana na maradhi nao huishi humo, na homoni huwapa amri. Za kike zina amri zake, za kiume zake, ndiyo maana mwanamke na mwanamume hawanenepi wala hawaugui sawasawa. Vile vilikuwa homoni ya namna nyingine: viliyaamrisha mafuta yajae na askari walale. "Mlimnenepesha mkamwacha bila ulinzi," akasema.

Msibani kwako Bi Kidawa alilia kumshinda mama. Nilimshikia beseni anawe.

Mwezi uliopita nikawekwa ndani mimi, naye akaja na kikopo kilekile. Nilipokea kwa mikono miwili. Kila asubuhi nilitia kidonge kinywani mbele yake. Akigeuka nakitema, nakifunga kwenye pembe ya khanga yako. Alinifinya kiuno akinung'unika, "Chakula cha huyu kinakwenda wapi?" Nilifurahi kumwona anahangaika.

Siku ya kutolewa ndani, mkeka umejaa wanawake, mwali humtunza kungwi wake khanga. Nilimtunza yako. Akafungua fundo.

"Vyako hivyo, Bi Kidawa. Meza kimoja tu, na sie tukuone unavyopendeza."

Akasema ana presha. Mama, ambaye sikuwa nimemwambia maneno ya nesi, akamuuliza polepole, "Na mwanangu ulimuuliza ana nini?"

Wananiambia nimsamehe. Sitaki. Nasikia amehamia Chanika kwa binti yake, na huko nako kuna wasichana wa kuposwa. Khanga aliiacha mkekani; nimeichukua, na fundo nimelifunga tena na vidonge vyake. Nyumba yoyote itakayomwita, nitafika kabla yake, nitakaa mkekani na kulifungua.

Jumamosi niliolewa nimevaa gauni lako. Fundi alitaka kulipunguza, nikakataa. Lilinipwaya kifuani na kiunoni, na kila aliyenitazama aliiona nafasi yako.

Pumzika, dada. Mie bado.

Mdogo wako,
Mwajuma