Walimu Sita na Usukani Mmoja

Jumapili, 3 Agosti

Tumefika. Nchi ya watu, baridi ya watu. Dirisha la chumba changu halifungiki, nimeliziba kwa taulo. Sijali! Nimekuja kwa jambo moja tu. Alhamisi, tukishavuka milima na kufika hoteli ya ng'ambo, Bosi atamtangaza mkuu wa tawi jipya la shule yetu ya udereva. Tunaotajwa ni wawili: mimi na Breki. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe — hakuna mwanafunzi aliyewahi kumaliza barabara moja bila yeye kukanyaga breki ya mwalimu na kumzimia gari.

Nalitaka lile tawi. Humu naweza kusema. Nimefundisha nusu ya mji kuondoka kwenye kilima bila kurudi nyuma, na bado wananiita "msaidizi".

Bosi kasema hii ni safari ya ujasiri, itatujenga. Haya, tujengwe.

Jumatatu, 4 Agosti

Dereva wetu ni mwenyeji, mtu wa makamo, kofia ya sufu, mpole. Masikini ya Mungu, hajui kapakia nini! Walimu sita wa udereva na bosi wao, basi dogo moja.

Hata getini hatujatoka, Breki keshakaa kiti cha mbele na keshamwambia akae wima. Mwalimu wa Nadharia — yeye ni wa darasani, wa ubao na alama za barabarani — anasoma kila kibao kwa sauti. Kona kali! Mawe yanaanguka! Tumeviona, mwalimu, tuna macho. Watatu wa nyuma wanabishana gia: weka mbili, aa, tatu, tatu inatosha. Na kila kona miguu yote inakanyaga sakafu kutafuta breki ambayo haipo. Na wangu umo, nisijitoe.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dereva haelewi maneno yetu, lakini kelele haihitaji mkalimani. Shingo yake imekuwa nyekundu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya maji. Njia ni tope tupu. Breki kavaa suruali nyeupe! Mlimani! Kateleza, kakaa chini pwaa, kisha akasema eti jiwe ndilo lililokaa vibaya. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Bosi naye kacheka, akanipiga begani, "Wewe mwanangu una miguu ya mbuzi." Nimeona ni dalili njema.

Jumatano, 6 Agosti

Mafua. Breki anambebea Bosi begi. Na koti. Na chupa ya chai. Mtu mzima!

Alhamisi, 7 Agosti

Dereva ametukimbia!

Tulikuwa juu kabisa, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Kwenye kona moja Breki kashindwa kujizuia — kavuta handbreki. Ya mwenzake! Gari linatembea! Basi likayumba, nikaona mawingu chini ya dirisha langu. Likasimama. Dereva kazima injini, kavaa koti lake taratibu, ufunguo kaulaza kwenye dashibodi kama mtu anayeweka yai. Kisha kwa maneno machache ya Kiingereza aliyo nayo akasema mko madereva wengi humu, mimi wa nini? Akashika njia ya mguu kuelekea bondeni, kwa shemeji yake, alisema. Hata nyuma hakugeuka.

Bosi akauliza nani ataendesha.

Mama yangu, laiti ningekuwa na kamera! Breki kakumbuka kwamba kiganja kinamuuma tangu alipoanguka. Mwalimu wa Nadharia kasema yeye hasa ni mtu wa kanuni. Wa nyuma, mmoja miwani, mmoja tumbo, wa tatu anaangalia mlima tu. Bosi presha. Kumbe! Miaka tumekaa kando ya usukani tukiwafokea watoto wa watu, na usukani wenyewe tunauogopa kuliko wao.

Na mimi naogopa. Lakini nikafikiria usiku kutukuta pale, nikakaa kwenye usukani.

Nimeendesha. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Upande wa barabara usio wetu, maana huku wanaendesha kulia. Kona baada ya kona, jasho mgongoni na baridi yote ile. Hakuna aliyesema weka tatu. Hakuna aliyesoma kibao. Breki alifumba macho, midomo inacheza kwa sala. Nilikuwa na furaha, Mungu wangu! Furaha ya kutaka kupiga mayowe.

Kona ya mwisho, hoteli inaonekana pale chini, Bosi kasema simama kidogo. Wote wakashuka kunyoosha miguu. Yeye akaja dirishani, sauti ya asali. Mwanangu, umetufikisha, Mungu akuzidishie. Sasa mpishe mwenzako aingie nalo. Mpiga picha anasubiri getini, picha ya bango la tawi, mkuu mpya kwenye usukani. Jina limeshaandikwa tangu mwezi jana. Wewe ni nguzo yetu, unajua.

Tangu mwezi jana! Kabla hata hatujapanda ndege! Na mimi siku zote hizi nahesabu dalili njema, mjinga mimi.

Nikasema sawa, Mzee, nikusanye vitu vyangu. Nikapandisha kioo. Nikafunga milango, nikatoa daftari hili.

Breki anachana nywele kwa kile kiganja kinachouma. Sasa anavuta mlango. Anagonga kioo, tabasamu lile, "Dada, fungua basi." Bosi naye anazunguka upande huu, haelewi bado. Mwalimu wa Nadharia ameelewa, maana ametoka mbele ya gari na kusogea pembeni.

Wanagonga wote. Machozi yananitoka na ninacheka, sijui kipi kilianza. Kutoka hapa hadi getini ni mteremko mmoja tu, na mpiga picha namwona, ananyanyua mkono.

Nimewasha. Ngoja niweke kalamu, hii inataka mikono miw