Kitasa cha Duka la Mama

Kaka uliye mbali,

Agizo lako nililipata kwa msimamizi wa jengo: "Kaka yako anataka kitasa cha duka la mama yenu kibadilishwe." Nikafurahi kama mjinga. Kile cha zamani kilikuwa kinakwama, na mama kakilalamikia tangu mwaka jana. Nikasema, leo kaka kamkumbuka.

Nikafunga kitasa kizuri kuliko vyote nilivyofunga kwenye jengo lile. Hata bawaba nilizitia mafuta. Nikajaribu ufunguo mara tatu, kama kawaida yangu. Msimamizi akachukua funguo zote, akamkabidhi mtu nisiyemjua. "Huyu ndiye mwenye duka sasa. Hati ina jina la kaka yako, na ameshauza."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungia mama nje. Umeona nikufanyie hata hilo, ndugu wa tumbo moja!

Sasa hivi amesimama pale mlangoni na ufunguo wake wa zamani. Kila apitaye anaambiwa, "Kimekwama tena, lakini si neno, mwanangu fundi yuko njiani."

Niko ng'ambo ya barabara, nakuandikia. Miguu imekataa kuvuka.

Mdogo wako,
Fundi